Wageni wa Kaskazi

Januari, wakati watu wa Ulaya wanajifunika makoti kwenda kutazama ndege kando ya mito yao ya baridi, huku kwetu kaskazi inavuma na jua la Kilwa halina huruma. Ndiyo miezi ninayopenda kushuka Mavuji, pale mto unapokutana na bahari karibu na Kilwa Kisiwani. Nangoja bamvua, maji yatoke mpaka mizizi ya mikoko ibaki wazi. Mwenye haraka ataona matope tu. Aliyetulia ataona tope lote linatembea: kaa, wengi wasiohesabika, kila mmoja mlangoni kwa shimo lake.

Nao ndege wageni wameshafika. Yupo sululu na mdomo wake uliopinda. Wapo wale wadogo wanaokimbizana na maji, wengine wamezaliwa Siberia. Lakini anayenishika moyo ni yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi, ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola. Huyu huzaliana Oman, Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu. Huchimba shimo mchangani, akataga yai moja tu, na joto la ardhi likamsaidia kuliatamia.

Kisha huja kwetu, kutoka pande zilezile yalikotoka majahazi kwa karne nyingi. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, mji ulikuwa ukineemeka kwa dhahabu ya Sofala. Dhahabu ile haipiti tena hapa. Ndege huyu anafuata kaa, na kaa bado wapo.

Kuna siku nilimwona mmoja na mwanawe. Mtoto, wa rangi ya kijivu, kimo chake kimeshamfikia mzazi na mabawa yameshamvusha bahari, lakini bado alijikunyata na kulialia akimfuata nyuma. Mzazi alikimbia hatua chache, akasimama, akadona. Akamkung'uta kaa mpaka gando likakatika, ndipo akamwachia mtoto. Miezi imepita tangu yai lianguliwe, na malezi hayajaisha! Niliwafikiria watoto wetu, tunaowaambia wamekua kwa sababu tu sare za shule zimewabana.

Nasikia watu wazima wakisema mikoko hii ingefaa zaidi ikiwa mkaa na boriti. Sina ugomvi na anayetafuta riziki. Ila mkoko ukiondoka, tope linachukuliwa na maji, na kaa wanakosa pa kukaa. Sisi wa Kilwa tunalijua hilo: Kisiwani, urithi wa dunia tangu 1981, kuliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, na mawimbi yaliyokuwa yakila kuta zake yalikuwa sehemu ya hatari hiyo.

Walimu wa Kilwa Masoko na Kilwa Kivinje, wapelekeni watoto Mavuji siku ya bamvua, maji yakiwa yametoka. Msingoje Aprili. Kusi ikianza, wengi wa wageni hawa watakuwa wameshaondoka kwenda kutaga.