Haki na Fadhila Siku ya Kushuka

 

Ndugu msomaji, Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa na ngamia jike akiitwa Al-Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia wake mchanga, na yule wa bedui akatangulia. Jambo hilo likawa zito kwa Masahaba, hata likaonekana nyusoni mwao. Mtume (S.A.W.) alipolijua akawaeleza, kwa maana yake, kuwa hapana kitu cha dunia kinachopanda ila Mwenyezi Mungu hukishusha. Hadithi hii ameipokea Imamu Bukhari. Nimeisomesha miaka mingi, na siku zote nikiwahimiza wanafunzi wayashike yale maneno ya mwisho. Siku hizi natazama pale katikati. Watu wakubwa kama wale waliumia roho kwa ajili ya mbio za ngamia, na jawabu waliyopewa ilikuwa ya kuwatuliza.

Naanza na hayo asije mtu akasema, "Sheikh naye ameingia mambo ya mpira!" Nimeingia, walakini nimeingia kwa mlango wa fiqhi.

Mjukuu wangu ndiye aliyenikalisha kitako kutazama mfululizo wa filamu uliotolewa mwaka 2018 juu ya klabu ya Sunderland ya Uingereza. Nilidhani nitasinzia. Lakini nilipoona mto, na bandari, na watu wazima wakilia, nikaketi vizuri. Sunderland ni mji wa pwani kama yetu, mji wa mafundi wa meli, na viwanda vyao vya mwisho vya meli vilifungwa mwaka 1988. Mgodi wao wa makaa ya mawe ukafungwa mwaka 1993, na uwanja wa mpira uliofunguliwa mwaka 1997 umejengwa papo hapo palipokuwa mgodi. Klabu yenyewe iliasisiwa na walimu wa shule mwaka 1879, jambo ambalo, nikiwa mwalimu, lilinifurahisha. Walipata kuwa mabingwa wa Uingereza mara 6, ya mwisho ikiwa mwaka 1936. Basi ufahamu, msomaji, kwamba kwa watu wale mpira si mchezo wa Jumamosi tu. Ndicho kitu cha fahari kilichobaki baada ya vingine kuondoka. Katika filamu ile padri wa mji anaonekana akiiombea klabu kanisani. Mjukuu wangu alicheka, mimi sikucheka, kwani padri yule alikuwa akiombea riziki na nyoyo za watu wake.

Mwaka 2017 klabu hiyo ilishuka kutoka daraja la juu baada ya kukaa huko miaka 10. Aliyekuwa akiwafungia mabao akaenda zake, na kipa wao kijana akauzwa Everton kwa fedha nyingi. Msimu uliofuata, katika daraja la pili, watu walitaraji kuwa watapanda tena upesi. Mambo yakawa kinyume. Walijaribu makipa watatu na hapana aliyewatuliza. Kocha aliyeanza msimu aliondolewa mwezi wa Oktoba, usiku ule ule wa mechi waliyotoka sare nyumbani. Tangu Desemba 17, 2016 hata Desemba 16, 2017, siku 364, hawakushinda mchezo hata mmoja wa ligi katika uwanja wao wenyewe. Hebu fikiri, mtu akitoka nyumbani kwake na mwanawe mwaka mzima, katika baridi ile, na kila mara arudi bila ya furaha! Mfungaji waliyekuwa wakimtegemea, aliyetia mabao 12, alikuwa wa kuazima, na mwezi wa Januari wenyewe wakamchukua. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na kifuani mwa jezi zao lilikuwapo jina la kampuni ya kamari, lakini hilo nitaliandika siku nyingine, maana lina uchungu wake hapa kwetu.

Sasa naja kwenye mas'ala.

Alikuwapo katika klabu ile kiungo mmoja aliyesajiliwa mwaka 2014 kwa mkataba wa miaka 5. Jina lake nimeliacha makusudi, kwani kisa ndicho tunachokihitaji, na heshima ya mtu haihitajiki kuvunjwa ili tusome. Ilitangazwa magazetini kuwa akilipwa kiasi cha pauni 70,000 kwa wiki. Wenzake mikataba yao ilikuwa na sharti kuwa klabu ikishuka na mshahara hupungua. Wa kwake, kama ilivyoandikwa, haukuwa na sharti hilo. Msimu ule hakucheza ila mara chache sana. Wakubwa wa klabu wakamwomba mkataba uvunjwe aende zake, naye asikubali. Akabaki, na fedha zikaendelea kutoka, na klabu ikaendelea kuzama.

Vijana wawili walibishana juu yake barazani kwangu baada ya Isha. Mmoja alisema, "Huyu ni mwizi mwenye karatasi." Wa pili akasema, "Sheikh, wewe mwenyewe umetufundisha kuwa Sura ya Al-Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize mikataba. Yeye amevunja nini?" Kisha wakanigeukia.

Nilimpa haki huyu wa pili, na bado nampa. Wanazuoni wa fiqhi wamesema kuwa aliyeajiriwa kwa muda maalumu, akijitoa kwa kazi, ujira wake umethubutu hata kama bwana wake hakumpa kazi ya kufanya. Mwenye kosa la kwanza ni yule aliyeandika mkataba bila ya kufikiri kuwa kinachopanda hushuka. Kiburi cha matajiri ndicho hicho, kuandika karatasi kama kwamba msimu wa neema hautakwisha. Kumwita mtu mwizi kwa kushika alichopewa kwa ridhaa ni kumdhulumu.

Lakini sikuweza kuishia hapo. Katika Sura ya Al-Baqara Mwenyezi Mungu ametaja habari ya mwanamke aliyeachwa kabla ya kuingiliwa, na mahari yamekwisha tajwa. Sheria imempa nusu, na nusu ni haki isiyo na shaka. Kisha, baada ya kuithubutisha haki, aya imesema kuwa kusamehe kuko karibu zaidi na uchamungu, na ikatukataza tusisahau fadhila baina yetu. Angalia mpango wake! Haki imetangulia, haikufutwa. Fadhila imekuja nyuma yake, na fadhila haina askari wa kuidai. Kadhi hawezi kukuhukumu kwa fadhila. Ndiyo maana watu wengi husimama penye haki na kudhani wamefika.

Na hapa sina budi kutahadharisha, kwa sababu najua nani watakaoyafurahia maneno haya. Wako matajiri katika miji yetu ambao mtumishi akidai mshahara humwambia, "Vumilia, hali ngumu, kumbuka fadhila," na jioni wao wenyewe wananunua gari. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tumpe mwenye kazi ujira wake kabla ya jasho lake kukauka. Fadhila huombwa kwa aliyeshiba. Huko huko Sunderland, mwaka ule wa kushuka, wafanyakazi wadogo walipunguzwa makazini, na hapana aliyesubiri kuuliza kama wanasamehe. Mtu wa namna hiyo akishika mkataba wake kwa mikono miwili, mimi niko pamoja naye. Swali langu ni juu ya yule ambaye akiachilia nusu bado atakula, na kesho kutwa atakula.

Yule kijana wa kwanza akaniuliza, "Wewe ungelifanya nini, Sheikh?" Nikanyamaza, hata wakadhani sikusikia.

Nilinyamaza kwa kuwa nilipata kuwa mahali hapo, ingawa kwa fedha ndogo mno. Mwaka 1984 nilikuwa kijana, nikisomesha katika chuo kimoja cha Qur'ani. Mfadhili wa chuo akafariki, na warithi wakasita kutoa. Walimu tulikuwa watatu pamoja na mwalimu mkuu, mzee mpole aliyekuwa akisomesha bila ya kuchukua chochote. Nilikuwa nadai mishahara ya miezi mitatu. Sikuwa na mke wala mtoto, nilikuwa nikila kwa mama yangu, na nafasi nyingine ya kazi nilikwisha ipata. Lakini nilikuwa na karatasi yenye sahihi. Nikampelekea mzee, nikamwambia kwa adabu zote kuwa nataka haki yangu. Siku ya tano akanilipa, noti kwa noti, na hakukunja uso. Baadaye nikasikia kuwa ameuza cherehani ya mkewe. Chuo hakikufika Ramadhani. Kila nilipokutana naye njiani yeye ndiye aliyeanza kunitolea salamu, mpaka alipofariki, Mungu amrehemu. Hapana mtu aliyepata kuniambia kuwa nimekosa, na kwa fiqhi sikukosa. Hata hivyo haikupita miaka mingi ila naikumbuka cherehani ile ambayo sikupata hata kuiona.

Basi nikawasimulia vijana hayo, wakaacha kubishana, tukarudi kwenye filamu.

Siku waliyoshuka mara ya pili ilikuwa Aprili 21, 2018. Walikuwa wakiongoza nyumbani dhidi ya Burton Albion, na dakika za mwisho wakafungwa mawili. Aliyesawazisha alikuwa mchezaji wao wa zamani, ambaye watu wale wale walipata kumshangilia. Walimaliza msimu mkiani, wakiwa wameshinda michezo 7 katika 46. Mwenye klabu, tajiri wa Kimarekani, aliiuza, na kabla ya kutoka akalipa madeni yake. Wengi walimlaumu kwa miaka aliyoiacha klabu ijiendee, na huenda wana haki, lakini kulipa deni ambalo angeweza kumwachia mwingine si jambo dogo, na mimi namwandikia hilo katika mizani yake. Yule kiungo naye alitoka kwa mapatano mwezi wa Juni mwaka ule ule.

Ila kilichonishika zaidi si hao wenye mikataba. Ni wale wasio na mkataba wowote. Shabiki hana karatasi, hana mshahara, na hapana wa kumshitaki asipokwenda. Mei 6, 2018 ulichezwa mchezo wa mwisho wa msimu. Klabu imekwisha shuka, kocha wa pili amekwisha ondoka, hapana pointi iliyobaki yenye faida. Wakaja Wolves, mabingwa wa daraja lile. Watu wa Sunderland wakaenda uwanjani vile vile, na klabu yao ikashinda 3 kwa 0. Ushindi ule haukuwapandisha hata ngazi moja. Desemba 26 ya mwaka huo huo, wakiwa daraja la tatu, waliingia watu 46,039 uwanjani kutazama mchezo na Bradford City. Walikaa chini huko misimu minne. Walipanda mwaka 2022, na mwaka 2025 wakarejea daraja la juu. Mjukuu wangu ananiambia kuwa hilo ndilo jambo kubwa la kisa hiki. Nampenda mjukuu wangu, lakini nadhani angali mdogo. Wale 46,039 hawakuwa wakijua kuwa mwaka 2025 utakuja.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtafuta binti wa yule mwalimu mkuu. Ni mama mtu mzima sasa, naye hushona madera na kanzu mlangoni pake. Nilikuwa na bahasha. Nilipomweleza sababu ya kuja kwangu alinitazama sana, kisha akasema kuwa hakupata kusikia habari hiyo. Mama yake aliwaambia kuwa cherehani imeharibika.