Kutazama Hazina za Wengine

Kijana wa Kasongo au wa Kabambare akipata nafasi ya kwenda kusoma Ulaya, sisi wazazi humwagiza mambo mawili: asali, na asome kwa bidii. Twaona yafaa kumwagiza na la tatu: ajifunze kuwajua watu waliompokea. Lakini mgeni atawajuaje? Wengi humshauri aende katika makumbusho, ambamo vitu vya wazee wao vimewekwa. Shauri hilo ni jema. Hata hivyo tujiulize: je, kutazama vitu vya watu ni kuwajua watu wenyewe?

Tutwae mfano wa Ayalandi, nchi iliyotawaliwa na Waingereza karne nyingi, hata sehemu yake kubwa ikapata kujitawala mwaka 1922. Katika mji wa Dublin, makumbusho ya taifa hayatozi kiingilio. Hata mwanafunzi maskini aingia. Humo mna kikombe cha Misa kiitwacho kikombe cha Ardagh, cha fedha na dhahabu, kilichofanyizwa miaka 1,200 hivi iliyopita. Kiligunduliwa mwaka 1868 na vijana wawili waliokuwa wakichimba viazi. Mgeni mwenye haraka ataona fedha tu. Mgeni anayeuliza ataambiwa ya kuwa viazi vilikuwa chakula cha maskini wa nchi ile, navyo vilianza kuoza mashambani mwaka 1845. Watu karibu milioni moja wakafa kwa njaa na magonjwa, na wengine zaidi ya milioni wakahama. Hapo ndipo kitu kinapoanza kusema. Peke yake ni bubu. Chahitaji mtu wa kukisemea, na mwingine wa kusikiliza.

Tena, katika nyumba ya picha ya taifa, mji ule ule, mna picha ya mchoraji Caravaggio, ya Yesu akikamatwa bustanini. Kwa miaka zaidi ya hamsini ilitundikwa katika nyumba ya mapadri Wajesuiti wa Dublin, chumba cha kulia, ikidhaniwa kuwa kazi ya mtu mwingine. Mwaka 1990 fundi wa picha aliitazama, akatambua ilivyo. Walikula mbele ya hazina kila siku, wasijue.

Tusiwacheke. Katika nyumba zetu mna kiti cha babu, ngoma ya ukoo, methali za bibi. Twapita mbele yake kila siku, na mchuuzi akija twauza kwa fedha kidogo, kisha twasahau. Sanamu za mababu zilizochongwa na Wabuyu wa Kabambare leo zimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Katika Ubelgiji, makumbusho ya Tervuren, yaliyoanzishwa 1898, yana maelfu kwa maelfu ya vitu vya Kongo. Kwa muda mrefu vitu hivyo vilisemewa na waliovichukua, siyo na waliovichonga. Mwaka 2022 Wabelgiji waliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu 84,000 hivi, na mwaka huo huo wakatunga sheria ya kuvirudisha vile vilivyotwaliwa pasipo haki. Ni jambo la haki. Lakini orodha si elimu. Sanamu ikirudi kesho Kabambare, nani ataweza kuitaja kwa jina, na kueleza ilisimama wapi na kwa ajili gani?

Labda mtu atasema: hayo ni mambo ya kipagani, yaache yapotee. Waairishi wanajulikana kwa imani yao; lakini mapambo ya dhahabu ya wazee wao, yaliyofuliwa zamani sana kabla ya Mtakatifu Patrisi, wameyaweka katika nyumba ile ile yenye kikombe cha Misa. Hawayaabudu, wanawaheshimu waliowazaa. Nasi tunayo Amri ya nne.

Mwaka 1903 Mwairishi mmoja, Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alipanda mto Kongo akaandika mateso ya watu waliolazimishwa kuleta mpira. Taarifa yake ilitolewa 1904. Baadaye alisema ya kuwa katika misitu ya Kongo ndiko alikojitambua kuwa Mwairishi. Mwaka 1916 alinyongwa kwa kupigania uhuru wa kwao. Maumivu ya wageni yalimfumbua macho, akaona ya nyumbani.

Basi jibu letu ni hili: vitu ni mlango, si nyumba. Ewe kijana, ukiwa ugenini ingia kwa heshima, uliza, sikiliza. Nawe ukirudi, kabla ya kutuonyesha picha ulizopiga, chukua daftari ukaketi na wazee. Waulize majina ya vitu na kazi zake, uandike. Mkataa kwao ni mtumwa. Na asiyejua kwao atakubali kila atakaloambiwa juu yake.