Kidevu Kifupi, kwa Rula ya Nani?

Mwanya ni sifa. Washairi na waimbaji wa pwani wameusifia tangu zamani, na binti aliyejaliwa nao hasiti kucheka. Lakini katika Hadithi aliyoipokea Abdallah bin Mas'ud, iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, miongoni mwa waliolaaniwa ni wanawake wanaochonga meno wapate mwanya kwa ajili ya uzuri. Aliyezaliwa nao amepewa. Anayeutafuta kwa tupa amevuka mpaka. Pengo ni lile lile, hukumu ni mbili.

Swali la mpaka huo sasa limeshuka kutoka kwenye meno hadi kwenye kidevu. Anayeona kidevu chake kimerudi nyuma anaweza kudungwa sindano ya jeli ya asidi ya hailuroniki, akatoka siku hiyo hiyo na sura nyingine. Mwili huimaliza jeli hiyo baada ya mwaka hivi, pengine zaidi. Anaweza pia kuwekewa kipande cha silikoni juu ya mfupa. Njia nzito kuliko zote ni kukatwa mfupa wenyewe, upasuaji uliopata umaarufu baada ya Hugo Obwegeser, daktari wa Zurich, kuueleza mwaka 1957. Daktari hupasua ndani ya mdomo wa chini ili kovu lisionekane nje, akaukata mfupa wa kidevu kwa msumeno mdogo, akausogeza mbele milimita kadhaa na kuubana kwa bamba la titani na skrubu. Kila upande, karibu na pale msumeno unapopita, kuna neva inayotokea kwenye kitundu cha taya. Ikiguswa vibaya, mdomo wa chini hufa ganzi, kwa wiki kadhaa au kwa maisha. Chai inaweza kuchuruzika kidevuni na mwenyewe asihisi kitu.

Wanavyuoni wa Kiislamu hawakusubiri Zurich ili waanze kujadili. Kwa upande mmoja ipo aya ya 119 ya Sura An-Nisaa, inayomtaja shetani akiapa kuwaamrisha watu wabadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Kwa upande mwingine kipo kisa cha Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani siku ya Kulab, zama za ujahilia. Alijitengenezea pua ya fedha, ikanuka, Mtume (S.A.W.) akamwagiza aweke ya dhahabu. Dhahabu ambayo mwanamume amekatazwa kuivaa kwa pambo ikaruhusiwa katikati ya uso wake! Mwaka 2007 huko Putrajaya, Malaysia, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipitisha azimio kwa msingi huo: kurekebisha kasoro ya kuzaliwa au ya ajali inayoleta madhara makubwa, ya mwili au ya nafsi, kunafaa; kubadili umbile la kawaida kwa kufuata matamanio na fasheni, hakufai.

Wakristo wengi hawana katazo la wazi namna hiyo. Hata hivyo mwaka 2015 Baraza la Kipapa la Utamaduni, katika waraka wake kuhusu wanawake, lilionya kwamba upasuaji wa urembo usio wa lazima unaweza kuwa uchokozi dhidi ya utambulisho wa mwanamke mwenyewe. Njia tofauti, kituo kimoja. Kutengeneza kilichoharibika, sawa. Kukataa ulichopewa, ngoja kwanza.

Shida ni kwamba hukumu zote hizi zinategemea neno kasoro, na sheikh au padri hana kipimo cha kasoro. Anaazima cha daktari. Daktari naye amekitoa wapi?

Chukua mstari wa Robert Ricketts, Mmarekani bingwa wa kupanga meno. Ulichorwa kutoka ncha ya pua hadi ncha ya kidevu. Midomo iliyo sawa, kwa kipimo chake, hukaa nyuma yake kidogo. Nyuso zilizotoa kipimo hicho zilikuwa za Wazungu. Uweke mstari huo juu ya nyuso za watu wa Lindi au Kisumu, utakuta midomo mingi imeuvuka, na wenye midomo hiyo wanakula, wanaimba na kuoana bila tatizo lolote. Rula ndiyo iliyowafanya wagonjwa.

Rula nyingine iko mfukoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la kitabibu la Marekani ulikokotoa kwamba picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana zaidi kwa takriban asilimia 30 kuliko picha ya umbali wa mita moja na nusu. Pua ikitanuka hivyo pichani, kidevu kilicho mbali zaidi na lenzi hakina budi kuonekana kimenywea. Kuna watu wanaopeleka selfi kwa daktari, wakitaka atibu kitu kilichoumbwa na simu.

Rula zote hizi zilishahojiwa zamani. Plotinus, mwanafalsafa aliyezaliwa Misri na kufundisha Roma katika karne ya tatu, aliwapinga waliosema uzuri ni uwiano wa viungo. Uso wa mtu aliyekata roho sasa hivi, alihoji, una vipimo vile vile vya jana. Mbona uzuri umeondoka? Wanafunzi wake walipotaka achorwe picha alikataa, akaona inatosha kuubeba mwili huu bila kuacha na nakala yake. Wakamleta mchoraji Carterius darasani kwa siri, akamtazama, akamchora kwa kumbukumbu.

Siyo lazima mtu afike umbali huo. Plotinus aliuonea mwili aibu, na huko ni kuvuka mpaka upande wa pili.

Wauzaji wa tiba hizi za kidevu wana hoja nyingine: kidevu imara huonyesha msimamo. Ni imani kongwe, aliyoivumisha mchungaji Johann Kaspar Lavater, naye wa Zurich, katika karne ya 18. Wanabiolojia Stephen Jay Gould na Richard Lewontin waliandika mwaka 1979 kwamba kidevu cha binadamu si kiungo chenye kazi yake maalumu. Ni umbo linalojitokeza pale sehemu mbili za taya zinapokua kwa namna tofauti. Sokwe hana, na msimamo anao.

Wapo ambao swali hili haliwahusu hata kidogo. Mtoto ambaye kiungo cha taya kimegandana baada ya kuumia au baada ya maambukizi ya sikio hukua bila kidevu, mdomo haufunguki, chakula kinapita kwa shida. Mtu mzima ambaye taya lake dogo linamziba pumzi usingizini ni mgonjwa pia. Kuwachelewesha hawa kwa hofu ya kubadili maumbile ni kuisoma dini vibaya. Mgumu kuamuliwa ni yule anayechekwa, anayejificha, anayeteseka kweli. Azimio la Putrajaya limemwachia mlango, na ni haki. Ila madaktari wanajua pia maradhi ya nafsi yanayomfanya mtu aione kasoro isiyokuwepo au aikuze iliyo ndogo, na wengi wa wenye maradhi hayo hawaridhiki hata baada ya kisu.

Kwa hiyo anayefikiria jambo hili na ajiulize kwanza nani aliyeigundua kasoro: yeye mwenyewe, watu anaoishi nao, simu, au mwenye kliniki. Kama ni mwenye kliniki, arudi nyumbani. Kama ni simu, apigwe picha na mtu aliyesimama mita mbili kutoka kwake. Na akiendelea bado, ajue kwamba jeli ya hailuroniki ina kimeng'enya cha kuiyeyusha. Neva iliyokatwa haina.