Mnunuzi Amedhulumiwa, au Amejidhulumu?



Hapa Karatu maduka ya kujihudumia, yale tuyaitayo supamaketi, sasa ni jambo la kawaida kando ya barabara kuu iendayo Ngorongoro. Mtu huingia, huchukua kikapu, hujitwalia mwenyewe, hulipa karibu na mlango, akaenda zake. Na wengi wetu twatoka humo na vitu tusivyovifuata. Mtu alifuata sabuni na chumvi. Ametoka na biskuti, juisi ya boksi, na kikombe kipya kwa kuwa kiliandikwa punguzo. Akiulizwa nyumbani fedha imekwenda wapi, hujibu, "Siku hizi vitu vimepanda." Ni kweli vimepanda, lakini kile kikombe hakikupanda chenyewe kikapuni.

Swali ninalopenda tulifikiri ni hili: je, mtu huyu amedhulumiwa, au amejidhulumu? Wako wasemao upesi kwamba hakuna aliyemshika mkono, basi asilalamike. Wako wengine wasemao kwamba wenye maduka ni wajanja na mteja ni samaki tu aliyeona chambo. Mimi naona majibu yote mawili ni mepesi mno.

Yafaa tujue kwanza duka la namna hii lilivyozaliwa. Zamani, na hata leo katika maduka mengi ya vijijini kwetu, mnunuzi husimama mbele ya kaunta akasema, "Naomba sukari nusu, na kiberiti." Mwaka 1916, katika mji wa Memphis huko Marekani, mfanyabiashara aitwaye Clarence Saunders alifungua duka lake la Piggly Wiggly, akaiondoa kaunta hiyo. Wateja waliingia upande mmoja, wakafuata njia moja iliyopita mbele ya rafu zote, ndipo wakafika kwa mpokea fedha. Wauzaji wachache walitosha, na bei ikaweza kushuka. Hilo lilikuwa jema. Lakini aliyefuata kiberiti sasa ilimlazimu atazame vitu vyote vingine kabla ya kutoka.

Tena mwaka 1937, Sylvan Goldman wa Oklahoma City aliona kwamba wateja huacha kununua kikapu kinapokuwa kizito, akabuni toroli. Mwanzoni watu hawakuipenda. Basi akaajiri watu wajifanye wateja, wakaisukuma humo dukani ili wengine waige. Hebu tulitazame jambo hilo. Mkono uliochoka ulikuwa ukimwambia mtu, "Yatosha." Toroli ikaunyamazisha mkono.

Mbinu nyingine tunazoziona leo ni za ukoo huo huo. Unga na sukari, vitu vifuatwavyo na kila mtu, mara nyingi huwekwa ndani kabisa, ili upite kwingine kwanza. Bidhaa za bei kubwa hukaa usawa wa macho, na za bei nafuu huzipati mpaka uiname. Pipi zimepangwa pale pa kulipia, kwa kimo cha mtoto wa miaka minne, mahali ambapo mama amesimama kwenye foleni na hana pa kukimbilia. Bei huandikwa 9,950 ili jicho lisome tisa wala lisisome kumi.

Je, hayo ni uongo? Hapana. Bei imeandikwa na uzito umeandikwa. Twapaswa kusema haki: mtoto aliyetumwa na mzee asiyejua kupatana hulipa sawa na mjanja wa mjini, na hilo silo tulilolizoea sokoni. Wakulima wa vitunguu wa Mang'ola wanajua lumbesa ni nini, gunia lililoshonewa kilemba juu ili mkulima auze zaidi na alipwe kama la kawaida. Dhuluma ya lumbesa iko wazi, kipimo kimeharibiwa. Kwenye rafu kipimo ni kizima. Kinachoguswa ni kitu kingine ndani ya mtu.

Linganisha na mnada. Yule kijana anayenadi mitumba hupiga kelele, hufanya mzaha, hukuvika shati kabla hujakubali. Anakushawishi waziwazi, nawe wajua unashawishiwa, na una mdomo wa kumjibu: "Punguza!" Rafu haina mdomo, nawe huna wa kubishana naye. Kwa sababu hakuna aliyekuambia "nunua", unaamini kwamba wazo lilikuwa lako. Hapa ndipo ninapoona kasoro ya kweli. Ushawishi ambao hufanya kazi vizuri zaidi pale mtu asipoutambua hauna unyofu kama ule wa mnadi, hata kama hausemi neno moja la uongo.

(Na tusijifanye watakatifu. Hata sisi baada ya ibada hunadi mayai na kuku wa sadaka, na yai huuzwa bei ambayo hakuna kuku aliyewahi kuiota. Tofauti ni kwamba kila mtu pale anajua anatoa, hanunui. Lakini tukimtaja mtu kwa jina mpaka aone aibu, tumeanza kufanana na hao tunaowasema.)

Kwa sisi wenye umri kuna jambo la ziada. Tunaikumbuka miaka ya Operesheni Maduka ya 1976, na foleni za sukari na sabuni za mwanzoni mwa miaka ya 1980, mpaka ile vita dhidi ya wahujumu uchumi ya 1983. Wakati ule hekima ilikuwa moja: ukikiona kitu, kinunue, maana kesho hakipo. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984 bidhaa zilirudi, lakini hekima ile ilibaki mwilini. Mzee akiona mafuta yamejaa rafuni, mkono wake bado unakumbuka njaa ya 1983. Huyo si mlafi. Hata hivyo duka hufaidika naye.

Sasa mfikirie baba atokaye Endulen, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kilimo huko kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikakatazwa tena mwaka 2009. Kwa hiyo mahindi ya nyumba yake hutokana na mbuzi anayeuzwa. Amefika Karatu, ameuza mbuzi, ametoa nauli, anaingia katika duka lile lile ambamo mgeni wa safari ananunua maji na chokoleti kabla ya kupanda kwenda lango la Lodoare. Rafu zimepangwa kwa ajili ya yule mwenye haraka na dola. Hazimjui huyu wa pili. Mbuzi yule alichungwa na watoto, alikamuliwa na mama yao. Je, fedha ile ni ya baba peke yake? Fedha za mifukoni mwetu ni mara chache kuwa za mtu mmoja. Kwa sababu hiyo siwezi kumwambia mnunuzi, "Wewe huna kosa, umeshawishiwa tu." Aliyekabidhiwa fedha ya wengine hana budi kujilinda, hata kama mwenye kumtega naye ana lawama yake.

Na kujilinda kunawezekana. Lililo kubwa ni kurudisha ile kaunta, angalau moyoni: kabla ya kutoka nyumbani, sema kwa mdomo unachokwenda kununua, watu wa nyumbani wakisikia, na kiandikwe. Kisichotajwa nyumbani kingoje safari nyingine. Ukifuata vitu viwili, usichukue kikapu, vishike mkononi. Usiende na njaa. Mama zetu walifunga fedha katika pindo la kanga, na ikiisha imeisha. Siku hizi fedha iko katika simu na haionekani ikiisha, basi ni vizuri kwenda na noti za kutosha orodha na kuiacha simu mfukoni.

Tena tusome uzito, si bei tu. Tuseme mafuta ya kula ya kupima ni shilingi 800 kwa mililita 100. Lita moja imekugharimu 8,000, wakati chupa ya lita moja ni 6,500, na dumu la lita 20 ni 110,000, yaani 5,500 kwa lita. Bei hizi ni za mfano, lakini mwendo wake ndio huo: mwenye kidogo hulipa zaidi. Nyumba tano zikichanga 22,000 kila moja, kila nyumba ina lita nne. Mwenye kupima angelipa 32,000. Ila dumu likikaa nyumba moja, mkono wa mpishi nao huwa mwepesi, kwa hiyo ligawanywe siku ile ile. Na maharage na vitunguu tuvitafute sokoni kwa sado, tusivilipie mfuko wa plastiki wenye picha.

Wako miongoni mwetu wenye maduka haya, nao ni ndugu zetu, wana kodi na mikopo ya kulipa. Kwao nina maombi mawili tu. Waandike bei ya kila kilo na kila lita chini ya bidhaa, kwa herufi ambazo bibi ataziona bila miwani. Na zile pipi za pale pa kulipia wazihamishie rafu ya ndani, karibu na unga.