Kulifuta Neno Si Kulilipa Deni

Watu wengi siku hizi, wakiisha kuandika katika simu neno wasilopaswa kuliandika, hufanya jambo moja kwa haraka: hulifuta. Kisha hushusha pumzi, kana kwamba mambo yamekwisha. Twauliza leo: je, yamekwisha kweli? Mtu aliyemharibia mwenziwe jina, kisha akayafuta maneno yake, amekwisha kulipa deni lake?

Tuchukue mfano, nao si wa mbali. Tuseme muumini mmoja amesikia Jumapili jioni kwamba fedha za ujenzi wa kanisa hazikutimia. Bila kuuliza, aandika katika kundi la WhatsApp la jumuiya yake kwamba mweka hazina amezila. Baada ya saa moja aonyeshwa hati ya benki: fedha zote zipo. Basi ayafuta maneno yake, na mahali pale pabaki tangazo dogo tu kwamba ujumbe umefutwa. Lakini ni wangapi waliokwisha kuyasoma? Ni wangapi waliokwisha kuyapeleka kwa wengine? Asubuhi mweka hazina apita sokoni, watu wanyamaza. Mwanawe aulizwa shuleni kama ni kweli baba yake ni mwizi.

Iko mitandao ambamo jambo hili laonekana wazi zaidi. Mmoja wao ni Mastodon, ulioanzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko huko Ujerumani. Mtandao huo hauna mwenyewe mmoja wala makao makuu. Ni maelfu ya seva, kila moja na msimamizi wake na sheria zake, nazo hupelekeana habari kwa kanuni moja iitwayo ActivityPub, kama vile barua pepe zinavyopita baina ya watu wenye anwani za kampuni mbalimbali. Mwaka 2022, Elon Musk alipoinunua Twitter kwa dola bilioni 44, watu wengi walihamia huko, kwa kuwa hawakupenda mazungumzo yao yawe mikononi mwa tajiri mmoja.

Hatuulaumu utaratibu huo. Papa Pio XI, katika barua yake Quadragesimo Anno ya mwaka 1931, alifundisha kwamba kazi iwezayo kufanywa na jumuiya ndogo isinyakuliwe na iliyo kubwa. Kila nyumba kuitunza nyumba yake ni jambo jema.

Lakini tazameni. Mtu akiandika neno katika Mastodon, nakala zake husafiri mpaka seva za wale wanaomfuata, zikakaa huko. Akilifuta, seva yake huziarifu nyingine zilifute nazo. Hilo ni ombi, wala si amri iwezayo kutekelezwa kwa nguvu. Seva njema hutii; bali ile iliyozimika siku hiyo, au ile ambayo mwenyewe hataki, hubaki na nakala yake. Tena kuna kioja cha pili: majibu hayafiki kila mahali sawasawa. Mtu aweza kuliona shtaka katika seva yake, asilione jibu la aliyeshtakiwa, hali jibu lipo. Mitambo haikukusudia kumdanganya; lakini akihukumu kwa hayo aliyoyaona, amehukumu kwa nusu ya kesi.

Wasomaji wetu, haya si mambo ya mitambo peke yake. Ndivyo lilivyo neno la mwanadamu tangu kale. Kila aliyesikia amekwisha kuwa na nakala yake moyoni, naye ndiye msimamizi wake. Maji yakimwagika hayazoleki. Yasimuliwa kwamba Mtakatifu Filipo Neri alimwagiza mwanamke msengenyaji anyonyoe kuku huku akitembea njiani, kisha arudi kuyaokota manyoya yote. Hakuweza, maana upepo ulikuwa umeyachukua. Hadithi hiyo twaijua sote. Lakini yaishia pale hasa tunapopaswa kuanzia: ikiwa manyoya hayaokoteki, je, deni limefutika?

Kanisa lajibu kwamba halikufutika. Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha kwamba kila kosa dhidi ya haki na ukweli ladai malipizi, hata kama mwenye kosa amekwisha kusamehewa, na kwamba wajibu huo wahusu pia jina jema la mtu. Padre akituondolea dhambi katika kitubio, Mungu ametusamehe kweli. Lakini aliyeiba ng'ombe hatoki kanisani na kuendelea kumkama. Zakayo hakutosheka na kumkaribisha Bwana nyumbani mwake. Aliahidi kurudisha mara nne. Je, jina la mtu lina thamani ndogo kuliko ng'ombe?

Wengine watasema: "Mtandao hauna mwenyewe; nani atanidai?" Twajibu: pale pasipo na bwana mmoja, dhamiri yapata kazi zaidi, wala si kidogo. Na wengine watasema: "Mimi sikutunga, nilipeleka tu." Lakini aliyepeleka naye ana fungu lake la deni, kwa kadiri ya wale aliowafikishia.

Hatusemi haya kama watu wasio na kosa. Sisi nasi tumewahi kuchapa kosa kwa herufi kubwa, kisha tukalisahihisha kwa herufi ndogo chini ya ukurasa wa ndani, tukajiona tumetenda haki. Hatukutenda haki. Tulitaka kufuta tu, tusionekane.

Basi yatupasa kufanyaje? Kwanza, kusema wazi mahali pale pale tuliposema uongo, na mbele ya watu wale wale: "Niliandika hivi, si kweli, nisameheni." Anayefuta kimya huwaacha waliosoma na uongo wao. Tena aliyepelekewa ubaya usiothibitishwa na akaukalia, huyo amelikinga jina la mwenziwe. Pili, kumwendea mwenyewe aliyeumizwa, kwa miguu kama inawezekana, na kumwomba radhi.

Na la tatu latuhusu sote tunaosikiliza. Mtu akikiri kosa lake hadharani, tusimcheke wala tusimfanye mithali. Wengi hufuta gizani kwa sababu wameona jinsi tunavyowatendea wanaokiri mchana. Tukiwadhihaki, tutakuwa tumewafundisha wote kujificha.

Wazazi, wafundisheni watoto wenu haya kabla ya kuwapa simu, nanyi mwatangulie kwa mfano. Mtoto aliyemwona baba yake akirudi kwa jirani kuomba radhi hatasahau. Nasi twamwambia yule ndugu wa jumuiya: hujamaliza. Hati ya benki uliyoonyeshwa, waonyeshe nao. Jumapili ijayo, watu wakikusanyika, simama mbele yao, mweka hazina akiwapo na mwanawe akiwapo, useme kwa kinywa chako kwamba mtu huyu hakuiba.