Nilimwona kwa Macho Yangu

Nikiwa na miaka tisa, nilifanya mtu afutwe kazi.

Pesa za mamangu zilipotea kwenye droo ya chumbani. Tulikuwa na anti aliyetufanyia kazi za nyumba, msichana ambaye nikipiga hesabu sasa, naona hakuwa amefika hata miaka ishirini. Mamangu aliniita sebuleni akaniuliza, "Ulimwona anti akitoka chumbani kwangu?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Alikuwa ameshika kitu?" Nikasema ndiyo. Usiku haujaingia, anti alifunga nguo zake kwa leso akaenda steji akilia.

Mpaka leo hiyo picha naiona. Mlango unafunguka, anti anatoka, ngumi imefumbwa. Sasa mwaka jana tukipiga stori na dadangu mkubwa, akaniambia, "Wewe hukuwa hata nyumbani. Ulishinda kwa shosho, ukarudi jioni mambo yakiwa yameshachemka." Nikakataa katakata. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Huenda yeye ndiye anakosea, maana naye hana kitu ila kumbukumbu, kama mimi. Lakini nilienda kulala nikijiuliza: kama sikuona, nilidanganya? Na kama sikudanganya, je, sina hatia?

Kuna jaribio la mwaka 1974 linalonisumbua kwa sababu ya usiku ule. Elizabeth Loftus na John Palmer, wanasaikolojia wa Marekani, waliwaonyesha wanafunzi wa chuo filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa yakienda kwa kasi gani. Swali lilikuwa moja, isipokuwa kitenzi. Walioulizwa kuhusu magari "yalipopondana" walikadiria, kwa wastani, karibu maili 41 kwa saa. Walioulizwa kuhusu magari "yalipogusana" walikadiria karibu maili 32. Filamu ni zile zile.

Jaribio la pili ndilo linalouma. Wanafunzi 150 walitazama ajali, na baada ya wiki moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kati ya 50 waliosikia neno "kupondana," 16 walisema ndiyo. Kati ya 50 waliosikia "kugongana" tu, waliosema ndiyo ni 7. Kwenye filamu hakukuwa na kioo chochote kilichovunjika. Neno la mwenye kuuliza lilikuwa limeingia ndani ya vichwa vyao likavunja vioo.

Mamangu hakuniuliza nilichoona. Aliniuliza kama nilimwona anti akitoka. Jibu lilikuwa tayari ndani ya swali, mimi nikaliokota.

Utasema huyo ni mtoto, na wale ni wanafunzi kwenye maabara. Basi mtazame mtu mzima aliyefanya kila kitu sawasawa. Mwaka 1984, huko Burlington, North Carolina, mwanafunzi wa miaka 22 aitwaye Jennifer Thompson alibakwa na mtu aliyevunja nyumba yake usiku. Wakati wa shambulio alijikaza kuusoma uso wa yule mtu, ili akipona aweze kumtambua. Polisi walipompa picha, alimchagua Ronald Cotton. Kwenye gwaride la kutambua washukiwa, akamchagua tena, na akaambiwa kwamba ndiye yule yule wa kwenye picha. Uhakika wake ukakomaa.

Mwaka 1987, kesi iliposikilizwa upya, Bobby Poole, mbakaji mwenyewe, aliletwa kortini mbele yake. Thompson akasema hajawahi kumwona. Kufikia wakati huo, uso uliokaa kichwani mwake ulikuwa wa Cotton. Kipimo cha DNA kilimwachilia Cotton mwaka 1995, baada ya zaidi ya miaka 10 gerezani, kikamwonyesha Poole. Thompson hakusema uongo hata siku moja. Alisema alichokiona kichwani, na mtu asiye na hatia akalipa.

Ndiyo maana nafikiri tumekuwa tukijisamehe haraka mno. Tunadhani wajibu wa shahidi unaishia kwa kutodanganya. Lakini ukweli wa moyoni hauyafanyi maneno yako kuwa kweli.

Hata hivyo, hii hoja ina hatari yake. Wenye nguvu wanapenda sana kuwaambia waliowaumiza kwamba hawakumbuki vizuri. Mwaka 2020, Loftus mwenyewe alipanda kizimbani New York kama shahidi wa upande wa Harvey Weinstein, kueleza jinsi kumbukumbu inavyoweza kubadilika. Mtu aliyeumizwa mara nyingi hana silaha nyingine isipokuwa anachokumbuka. Tukimnyang'anya hiyo, tumebaki upande wa nani?

Lakini tazama vizuri kesi ya Thompson. Kwamba alibakwa, hilo halikuwa na shaka. Kosa lilikuwa kwenye uso wa mtu, na walioendesha utambuzi walisaidia kulikaza. Kumwamini aliyeumia ni jambo moja. Kumwadhibu aliyenyooshewa kidole ni jambo lingine, nalo linahitaji kitu zaidi ya uhakika wa mtu mmoja.

Kwetu nyumbani, pesa zilipotea kweli. Mamangu hakuota. Lakini hakuna aliyemuuliza anti chochote. Hakuna aliyeuliza ni nani mwingine aliyeingia siku hiyo. Na hakuna aliyejiuliza kwa nini neno la mtoto wa tajiri wake lilitosha kumpeleka steji usiku, ilhali neno lake yeye halikuhitajika. Uhakika wetu ulikuwa rahisi kwa sababu gharama yake ililipwa na mtu mwingine.

Wiki iliyopita nilimpigia mamangu simu nikamuuliza kama bado anaamini anti aliiba.

"Si ni wewe uliniambia," akasema.

Kumbe miaka yote hiyo yeye ameegemea neno langu, na mimi nimeegemea swali lake.

"Ni kweli nilikuambia, mum," nikamjibu. "Lakini sijui kama niliona."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama najua anti alitoka kijiji gani. Sikujua. Yeye pia hakukumbuka.