Mama Asiyetajwa: Nasaba, Matini na Uadilifu

Mtafiti wa nasaba ya wahamiaji afanyeje matini zinapopingana? Tuchukue asili ya masultani wa Kilwa. Tarehe ya Kiarabu ya mji huo yasimulia kwamba sultani wa Shirazi aliota panya mwenye mdomo wa chuma akiguguna kuta za mji. Akang'amua maangamizi, akahama na wanawe sita kwa merikebu saba. Mreno João de Barros, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1552, hasimulii ndoto hiyo. Kwake, mwanzilishi ni Ali, aliyedharauliwa na nduguze kwa kuwa mamaye alikuwa mtumwa wa Kihabeshi.

Mwanahistoria huuliza ipi ni kweli. Mhakiki hana budi kuuliza pia: nani kaachwa nje, na kwa faida ya nani? Ndoto humtukuza mhenga. Mama mtumwa humpunguzia hadhi. Nasi, wazee wetu wa pwani wahesabupo vizazi hadi Shirazi, mara nyingi hesabu hupitia kwa mababa pekee.

Hatudai kwamba Barros ndiye mkweli. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Kilwa. Twadai kwamba anayechagua simulizi kwa ajili ya fahari tu, ilhali ajua kuna mama aliyetajwa kwingineko, hakukosea utafiti peke yake: amemdhulumu mzazi.